Tundu Dogo, Rovu Kubwa

Anayepita Maji ya Chai kwa gari, katika barabara ya Arusha kwenda Moshi, huyatambua maji ya pale kwenye meno ya watu kabla hajayaona mtoni. Meno ya kahawia ni alama ya floridi, na eneo hili la miguuni mwa Mlima Meru limechunguzwa kwa sababu hiyo kwa miongo kadhaa. Kituo cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji kiko jirani tu, Ngurdoto. Si ajabu basi kwamba shingo ya mtu ikivimba, lawama ya kwanza huangukia maji, na ya pili huangukia magadi yanayolainishia makande. Kwa meno na mifupa lawama hiyo ni ya haki: Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na vyanzo vingi vya mteremko huu vinakipita kikomo hicho kwa mbali. Kwa shingo ushahidi ni dhaifu zaidi. Floridi nyingi inaweza kuipunguzia kasi tezi ya thairoidi, na katikati ya karne iliyopita kulikuwa na madaktari wa Ulaya walioitumia kuwatuliza wagonjwa ambao tezi zao zilifanya kazi kupita kiasi. Lakini chanzo kilichothibitika cha rovu katika nyanda za juu za Tanzania ni kingine: upungufu wa madini joto katika udongo ulioshwa na mvua za karne nyingi, na hivyo katika chakula kinachootea humo. Ninaanza na chanzo kwa sababu ndicho kinachoamua rovu litakuwa la namna gani, na namna ya rovu ndiyo inayoamua lipasuliwe vipi.

Siku hizi mgonjwa humwendea daktari akiwa ameshaona video kwenye simu: tezi inatolewa kupitia tundu la sentimita mbili, au kupitia kwapani, au ndani ya mdomo, na shingo inabaki safi kana kwamba haijaguswa. Swali analouliza ni halali. Kama mawe ya nyongo hutolewa kwa matundu madogo na mtu akarudi kwake baada ya siku moja mbili, kwa nini yeye achanwe shingo kama alivyochanwa bibi yake? Jibu ambalo wengi hulidhania ni umaskini: hatuna kamera, hatuna roboti, tunapewa kilichobaki. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini limekosa shabaha. Kwa marovu mengi yanayoshuka kutoka miteremko ya Meru na Kilimanjaro, upasuaji wa wazi ungebaki kuwa chaguo bora hata kama chumba cha upasuaji kingejaa kila kifaa kinachouzwa duniani. Na fedha ambazo zingenunulia kovu dogo zingeokoa watu wengi zaidi zikitumika mahali pengine katika safari ya mgonjwa huyo huyo.

Tezi ya thairoidi inakaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, pande mbili za bomba la hewa. Ni ndogo, kwa mwanamke mzima haitakiwi kuzidi ujazo wa takriban mililita 18, kwa mwanamume 25. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazopanga kasi ya mwili mzima, kuanzia mapigo ya moyo hadi joto na hedhi, na malighafi ya homoni hizo ni madini joto. Yakipungua, ubongo huiamuru tezi ijitahidi zaidi, nayo hukua ili kukamata kila chembe inayopita. Mwanzoni huvimba yote kwa ulaini. Miaka inavyopita huota vinundu, vingine vikiwa na maji, vingine vigumu, vingine vikianza kutoa homoni kwa hiari yao bila kusikiliza amri yoyote. Wanawake huathirika kuliko wanaume kwa kiwango kikubwa, na orodha za wagonjwa waliopasuliwa katika hospitali ya Bugando kule Mwanza au ya Kijabe nchini Kenya zinasimulia habari hiyo hiyo: wengi ni wanawake, na wengi walikuja na rovu la vinundu vingi walilokuwa wameishi nalo kwa miaka.

Historia ya hapa nchini inaeleza kwa nini. Katika miaka ya 1960 daktari Michael Latham alipima watu wa Ukinga, kusini mwa nchi, akakuta takriban robo tatu wana rovu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuja kuonyesha kwamba tatizo lilienea katika nyanda nyingi za juu. Vidonge vya mafuta yenye madini joto vikagawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 chumvi ikaanza kuwekwa madini joto kwa mujibu wa sheria. Matokeo yalikuwa makubwa. Kiwango cha rovu kwa watoto wa shule, ambacho katika miaka ya 1980 kilikuwa karibu asilimia 25, kilishuka hadi karibu asilimia 7 ilipofika mwaka 2004. Hakuna mpasuaji, awe na kisu au na roboti, aliyewahi kuzuia marovu mengi kiasi hicho. Ila chumvi huzuia. Hairudishi nyuma kilichokwisha kukua. Mama wa miaka hamsini au sitini wa Maji ya Chai, Nkoaranga au King'ori alikula chumvi isiyo na madini joto utoto wake wote na ujana wake, na rovu lake lenye vinundu halitanywea kwa kubadilisha chumvi leo. Kule Kivu, mashariki ya Kongo, ilidhihirika katika miaka ya 1990 kwamba madini joto yakiingia ghafla katika jamii iliyoyakosa kwa muda mrefu, baadhi ya watu wenye vinundu vya zamani hupatwa na tezi inayokimbia kupita kiasi: moyo kwenda mbio, mwili kukonda, mikono kutetemeka. Hilo si sababu ya kuiogopa chumvi, ambayo faida yake ni kubwa mno kulinganisha na hatari hiyo ya mpito. Linaonyesha tu kwamba mgonjwa wa upasuaji tuliye naye sasa ni mrithi wa upungufu wa jana, na amekuja na rovu kubwa, la zamani, pengine lililoshuka nyuma ya mfupa wa kifua au kulisukuma bomba la hewa upande mmoja.

Upasuaji wa wazi nao haukuwa salama tangu mwanzo, na njia uliyopita kufikia usalama ina somo. Katikati ya karne ya 19 karibu wagonjwa 40 kati ya 100 waliopasuliwa rovu Ulaya walikufa, wengi kwa kutoka damu au kwa kidonda kuoza, hata wapasuaji wakubwa wakaikimbia kazi hiyo. Aliyeigeuza ni Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, nchi nyingine ya milima isiyo na madini joto. Kocher alifanya upasuaji huo takriban mara 5,000, na kufikia mwisho wa maisha yake waliokufa mikononi mwake walikuwa chini ya mmoja kwa kila mia. Hakuwa na mashine yoyote ya ajabu. Alikata mkato mmoja wa mlalo chini ya shingo, akafunga kila mshipa wa damu kabla ya kuukata, akaenda polepole, akaona anachokishika. Mwaka 1883 alitangaza pia jambo ambalo lingeweza kumwaibisha: wagonjwa aliowatoa tezi yote walikuwa wamevimba uso, wamepooza akili na mwili, kwa sababu walikosa homoni ambayo wakati ule hakuna aliyejua inatoka wapi. Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1909 ilitokana na kazi hiyo yote. Mkato anaoufanya mpasuaji wa hospitali ya KCMC, Moshi, leo ni mjukuu wa mkato wa Kocher, ila umefupishwa. Kwa rovu la kawaida sentimita nne hadi sita hutosha, na ukiwekwa ndani ya mkunjo wa asili wa ngozi hufifia baada ya mwaka mmoja kiasi kwamba mtu asiyeutafuta hauoni.

Upasuaji wa matundu madogo shingoni ni mchanga. Mwaka 1996 mpasuaji Michel Gagner alitoa tezi za parathairoidi kwa kamera. Mwaka uliofuata Hüscher na wenzake wa Italia wakatoa upande mmoja wa thairoidi kwa njia hiyo. Paolo Miccoli wa Pisa akaja na njia iliyo rahisi kuliko zote kueleza: mkato wa sentimita moja na nusu hadi mbili katikati ya shingo, kamera nyembamba ikiingizwa ili kuona mishipa kwa ukubwa uliokuzwa. Korea Kusini ikaichukua roboti na kuipitisha kwapani, ikichimba njia chini ya ngozi ya kifua hadi shingoni. Huko Bangkok, Angkoon Anuwong alichapisha mwaka 2016 wagonjwa 60 wa kwanza aliowapasua kupitia ndani ya mdomo wa chini, na njia yake imesambaa haraka kwa sababu haiachi alama yoyote ya nje na haihitaji roboti. Anayezidharau kazi hizi kama mapambo hazijui. Kamera huikuza neva ya sauti na tezi ndogo za parathairoidi kuliko jicho tupu, na mgonjwa wa Miccoli aliyechaguliwa vizuri huamka na maumivu machache.

Tatizo liko kwenye maneno hayo, aliyechaguliwa vizuri. Masharti ya njia ya Miccoli yanataka kinundu kisichozidi sentimita tatu hadi tatu na nusu, na tezi yenye ujazo usiozidi mililita 20 hadi 25. Msomaji arudi kwenye vipimo nilivyotaja hapo juu. Tezi ya mililita 25 kwa mwanamume ni tezi ya kawaida. Kwa mwanamke ni tezi iliyokua kidogo tu. Njia hii ilitengenezwa kwa tezi ambayo karibu haijavimba, yenye kinundu kimoja kidogo ndani yake. Rovu la mililita 150 halipiti katika tundu la sentimita mbili, na haliwezi kukatwa vipande vipande ndani ya shingo bila kumwaga chembechembe ambazo huenda ni za saratani. Njia ya mdomo inavumilia zaidi: Anuwong mwenyewe aliruhusu tezi ya hadi sentimita kumi. Hata hivyo rovu lililoingia kifuani, lililowahi kupasuliwa au lililoshikamana na saratani iliyosambaa liko nje ya mipaka hiyo pia, na hayo ndiyo yanayomfikisha mgonjwa wa huku hospitalini hatimaye: si umbo la shingo lililomleta, bali pumzi inayokatika akilala chali, au chakula kinachokwama.

Ukiuliza ni nani basi mwenye kinundu kidogo kinachofaa tundu dogo, jibu linaleta swali lingine ambalo ni gumu zaidi: je, anahitaji kupasuliwa? Vinundu vidogo vya thairoidi ni vya kawaida mno. Ukiwapima watu wazima kwa ultrasaundi utavikuta kwa sehemu kubwa yao, na vingi havitaleta madhara maisha yote. Korea Kusini imelipia somo hilo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 upimaji wa shingo kwa ultrasaundi ulienea humo kama nyongeza ya bei rahisi kwenye uchunguzi wa afya, na kufikia mwaka 2011 saratani ya thairoidi ilikuwa inagunduliwa mara 15 ya ilivyokuwa mwaka 1993. Vifo vya ugonjwa huo havikubadilika. Maelfu kwa maelfu walitolewa tezi, wengine kwa njia za kisasa zisizoacha kovu shingoni, kwa saratani ambayo isingewaua. Madaktari wenzao walipopaza sauti mwaka 2014, idadi ya upasuaji ilishuka haraka. Sidai kwamba kamera ndiyo iliyosababisha upimaji huo. Ila upasuaji usioacha alama hushusha kizingiti cha kukubali kupasuliwa, kwa daktari na kwa mgonjwa, na kliniki binafsi za Arusha zenye ultrasaundi zinaongezeka. Kinundu cha sentimita moja kisicho na dalili mbaya kwenye picha kinataka kufuatiliwa tu. Hakihitaji kisu cha namna yoyote.

Pingamizi la kwanza ambalo mtu makini ataleta ni tumbo. Mbona upasuaji wa nyongo kwa matundu ulipingwa vivyo hivyo na leo hakuna anayetaka kurudi kwenye mkato mrefu wa zamani? Tofauti ni ya maumbile. Tumbo ni uwazi ambao upo tayari. Ukiingiza gesi unapata nafasi ya kufanyia kazi, na mkato mrefu uliouepuka ungekata misuli mizito ambayo ndiyo inayomtesa mgonjwa wiki nzima kila akikohoa. Shingo haina uwazi. Tezi iko chini tu ya ngozi na misuli myembamba ambayo mpasuaji wa wazi huisogeza pembeni bila hata kuikata. Anayeingia kwapani au mdomoni inambidi achimbe handaki katika nyama nzima ili afike mahali ambapo mwenzake hupafikia kwa hatua mbili tu. Ngozi inayoonekana imeachwa, lakini eneo lililojeruhiwa ndani ni kubwa zaidi. Handaki hilo huleta madhara ambayo upasuaji wa wazi haukuwa nayo: ganzi ya kidevu kwa njia ya mdomo, ganzi ya kifua au kujeruhiwa kwa neva za mkono kwa njia ya kwapani. Ni machache, lakini ni mapya, na ndiyo bei ya kuepuka kovu.

Kuna jambo la damu pia, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote katika hospitali yenye wauguzi wawili usiku. Kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya mia, damu huvuja ndani ya shingo baada ya upasuaji, mara nyingi katika saa 24 za kwanza, na uvimbe wake unaweza kuziba pumzi kwa dakika chache. Aliyepasuliwa wazi ana mlango mbele ya shingo: muuguzi anakata nyuzi hapo hapo kitandani, damu inatoka, hewa inapita, kisha daktari anaitwa. Aliyepasuliwa kupitia kwapani hana mlango huo karibu. Katika jengo lenye chumba cha wagonjwa mahututi na mtaalamu wa nusukaputi anayelala humo humo tofauti hiyo inaweza kufidiwa. Penye upungufu wa watu, inabeba uhai.

Ulinganisho wenyewe wa njia hizi, pale ulipofanywa kwa wagonjwa wanaofanana, hauipi ushindi mkubwa yoyote kati yazo. Tafiti zilizolinganisha njia ya Miccoli na ya wazi zimekubaliana kwa jumla kwamba maumivu hupungua na mgonjwa huridhika zaidi na shingo yake, upasuaji huchukua muda mrefu zaidi, na madhara makubwa, yaani kuumia kwa neva ya sauti na kushuka kwa kalsiamu, hayatofautiani. Anuwong alipotoa hesabu ya wagonjwa wake 425 mwaka 2018 picha ilikuwa hiyo hiyo: maumivu pungufu, muda wa takriban dakika 100 dhidi ya 79 za upasuaji wa wazi, usalama unaokaribiana. Hapa inafaa kukumbuka kwamba hesabu hizo zimetoka mikononi mwa mabingwa, watu waliozifanya njia hizo mamia ya mara katika hospitali zilizojengwa kwa ajili hiyo. Ukizichukua kama ahadi kwa mpasuaji atakayefanya ya kumi yake, unajidanganya.

Pingamizi la pili ni kovu lenyewe, na wanaume wanaoandika kuhusu tiba hulipita haraka mno. Ngozi nyeusi hupata kiloidi kuliko ngozi nyeupe, na kovu lililovimba mbele ya shingo ya msichana halifichiki kwa mtandio kila siku. Watu huuliza, na wengine hudhani alijaribu kujikata. Hilo ni dhara la kweli, si majivuno. Ila ushahidi hauendi upande mmoja. Kiloidi hupenda ngozi iliyovutwa, hasa ya kifuani, mabegani na masikioni. Mkato wa shingo uliowekwa juu, ndani ya mkunjo, una hatari ndogo kuliko uliowekwa chini karibu na mfupa wa kifua, ambao ndio kosa la wapasuaji wengi wa zamani. Njia za kifuani zinazopendwa Uchina, ambazo huficha matundu ndani ya nguo, huyaweka mahali ambapo kiloidi hustawi. Kwa msichana mwenye historia ya kiloidi na kinundu kinachofaa, njia ya mdomo ina sababu nzuri kabisa, na ninaikubali bila kusitasita. Kwa wengine, mpasuaji anayejua mahali pa kuweka mkato na kushona bila kuvuta, na sindano za dawa kovu likianza kuvimba, vinapunguza tatizo hilo kwa sehemu ndogo ya gharama.

La tatu ndilo linalouma: kwamba hoja kama hii humwachia mtu wa Arumeru tiba ya zamani wakati mwenye uwezo akipanda ndege kwenda India. Ningelikubali kama tiba ya zamani ingekuwa duni. Kinachotofautisha matokeo ya mgonjwa mmoja na mwingine katika upasuaji wa tezi ni mkono kuliko mlango. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, uliowachunguza karibu wagonjwa 17,000 waliotolewa tezi yote, ulikuta madhara yanapungua kadiri mpasuaji anavyofanya nyingi, na mstari wa kutenganisha ukawa kama upasuaji 26 kwa mwaka; nusu ya wapasuaji katika takwimu hizo walikuwa wanafanya mmoja tu. Hayo ni katika nchi tajiri yenye kila kamera. Mgonjwa wa Maji ya Chai anaweza kwenda Arusha, kilomita zisizofika thelathini, au Moshi, kama mara mbili ya hapo. Swali linalostahili kumchagulia njia ni hili: wapi tezi zinapasuliwa kila wiki na watu wale wale. Kumpa haki ni kumwelekeza huko, na bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake Bunge liliipitisha mwaka 2023, ingefanya mengi ikihakikisha rufaa hiyo inalipiwa kabla ya kufikiria vifaa vya gharama zaidi.

Kuna uamuzi mwingine mzito kuliko ukubwa wa tundu ambao mgonjwa huulizwa kwa sentensi moja, au haulizwi kabisa: atolewe tezi yote au sehemu? Ulaya na Marekani mwelekeo kwa rovu la vinundu vingi umekuwa kutoa yote, kwa sababu kipande kilichobaki kinaweza kuota tena, na upasuaji wa pili katika shingo yenye makovu huhatarisha neva ya sauti zaidi. Lakini asiye na tezi anahitaji kidonge cha thairoksini kila asubuhi hadi kufa kwake, na kipimo cha damu mara kwa mara ili dozi isipande wala kushuka. Kidonge hicho si ghali kwa siku moja; ni ghali kwa miaka thelathini, na duka la dawa la kijijini likikikosa kwa miezi mitatu mgonjwa anarudi kuwa kama wagonjwa wale wa Kocher wa 1883. Ndiyo maana wapasuaji wengi wa ukanda wetu wameendelea kubakiza kipande cha tezi pale ugonjwa unaporuhusu. Wengine huwaona kama waliopitwa na wakati. Mimi naona wanapima jambo ambalo vitabu vya Marekani havilipimi: umbali kati ya mgonjwa na kidonge. Ila wale wenye saratani, au wenye tezi inayokimbia ambayo dawa zimeshindwa kuituliza, mara nyingi hawana anasa ya kubakiza, na kwao mpango wa dawa unatakiwa kuandikwa kabla ya siku ya upasuaji.

Na kalsiamu. Tezi nne za parathairoidi, kila moja kama punje ya mchele, zimebandikwa nyuma ya thairoidi na ndizo zinazolinda kalsiamu ya damu. Zikishtuka, hata bila kukatwa, mgonjwa huanza kusikia mchonyoto midomoni na vidoleni siku ya pili au ya tatu, kisha misuli kukakamaa. Aliyetolewa tezi yote hupatwa na hali hii mara nyingi kwa muda, mara chache moja kwa moja. Mgonjwa aliyeruhusiwa haraka kwa sababu kovu lake ni dogo, akapanda daladala hadi Usa River na kuanza kukakamaa usiku nyumbani, amepata hasara kwa kile kilichotangazwa kuwa faida. Kulazwa siku mbili tatu baada ya upasuaji wa tezi kwa anayeishi mbali kunatokana na hofu hii na ile ya damu, si na urefu wa mkato. Hivyo kisu kidogo hakiwezi kuzifupisha sana siku hizo.

Kwa hiyo kama hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini itaamua siku moja kuanzisha upasuaji wa tezi kwa matundu madogo, na ninadhani siku hiyo itafika, isitafute wagonjwa wa kuijaza mashine. Iwachukue wenye kinundu kidogo ambacho kipimo cha sindano kimeshathibitisha kinafaa kutolewa, na wenye uvimbe wa parathairoidi, ambao ndio waliofungua njia hii mwaka 1996 na bado wanafaidika nayo kuliko wengine wote. Mpasuaji awe ameshafanya tezi za wazi nyingi, achungulie nyuzi za sauti za kila mgonjwa kabla na baada, na aandike matokeo mabaya pamoja na mazuri. Karatasi ya kukubali upasuaji ieleze kwa Kiswahili cha kawaida kwamba damu ikitoka au tezi ikionekana kubwa kuliko picha ilivyosema, mkato wa wazi utafanywa pale pale bila kumwamsha. Mwenye rovu la zamani linalombana pumzi asiwekwe kwenye foleni hiyo kabisa. Apangiwe tarehe ya karibu ya upasuaji wa wazi, homoni zake zikiwa zimepimwa na kutulizwa kwanza.